Kumuuliza mtoto asiyesema kwa mdomo na kupata jibu lake mwenyewe

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, ustadhi wa madrasa, afisa wa watoto au mtu yeyote hapa Mombasa anayetaka kujua mtoto anaonaje juu ya jambo linalomhusu, na mtoto mwenyewe hasemi, au husema maneno machache anayoyaelewa mamake peke yake. Wengi wa watoto hawa wana mtindio wa ubongo, usonji, hali ya Down, au wamepungukiwa na macho na masikio kwa pamoja. Wako wanaoelewa kila neno linalosemwa juu yao sebuleni na hawana njia ya kujibu. Wako wasioelewa maneno kabisa, lakini wana wanayoyapenda na wanayoyachukia kama mtu mwingine yeyote.

Kuna jambo moja la kushika tangu mwanzo. Mtoto wa aina hii hawezi kukwambia ila lile ulilomwekea njia ya kulisema. Ukimtandikia picha ya wali na picha ya chapati, atajibu wali au chapati, hata kama kinachomsumbua saa hiyo ni kiti kinachomchoma mgongoni. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla ya swali, na ndiyo maana sehemu za mwanzo hapa chini ni ndefu.

Kwanza mwili ukae

Mtoto anayening'iniza miguu hutumia nguvu zake zote asianguke, na hazibaki za kujibu. Msukume makalio mpaka yaguse mgongo wa kiti, magoti yakunjike, na nyayo ziwe juu ya kitu kigumu: kreti, kipande cha ubao, hata matofali mawili yaliyofunikwa. Kama anateleza mbele, kunja leso kwa urefu umfunge nyongani, si tumboni wala kifuani, kwa sababu kifua kikibanwa hata sauti kidogo aliyo nayo inapotea. Meza iwe usawa wa viwiko. Anayekaa mkekani, mkalishe kwenye pembe ya kuta mbili, au kati ya miguu ya mtu mzima aliyeegemea ukuta. Huyo mtu mzima asijibu wala asimsukume.

Sasa macho. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo wana macho mazima, ila ubongo hauzipangi vizuri picha zinazoingia. Kitu kimoja juu ya weusi mtupu wanakiona. Vitu sita juu ya kitambaa cha maua hawavioni. Kipande cha kitambaa cha buibui kisichong'aa, kikitandazwa mezani, kinasaidia kuliko picha za gharama. Anza na sentimita 30 hadi 45 kutoka usoni, kisha sogeza mpaka uone anapotulia macho. Angalia dirisha pia: plastiki ya kadi ikiakisi mwanga, anachokiona ni mng'ao tu.

Yupo mtoto wa kuangaliwa kwa makini zaidi, naye ni yule aliyepata manjano makali siku za kwanza za maisha yake mpaka ubongo ukadhurika. Mara nyingi mwili wake hujinyonga wenyewe, masikio yake hayasikii vizuri, na macho yake yana shida ya kupanda juu. Akili yake inaweza kuwa nzima kabisa. Ukimwambia "tazama juu ukimaanisha ndiyo", umemwomba tendo ambalo mwili wake haulimudu, kisha utamwandika kuwa haelewi. Kwa huyu, kadi ziwe usawa wa macho au chini yake, na masikio yapimwe kabla ya mtu yeyote kutoa hukumu. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au anayetokwa na usaha masikioni mara kwa mara.

Mkono nao una mambo mawili. Watoto wengi hapa hukemewa wakitumia mkono wa kushoto mbele ya wakubwa. Mtoto aliyepooza upande wa kulia hana mkono mwingine wa kuonyeshea, basi waambie walio nyumbani mapema, mbele yake, kwamba kushoto kwake ndiko kulia. La pili: wengi hubaki na mwitiko wa uchanga ambapo shingo ikigeukia upande mmoja, mkono wa upande huo hunyooka wenyewe. Ukisimama kuliani kwake ukamwita, atageuka, mkono utanyooka, utagusa kadi ya kulia, nawe utasema amechagua. Kaa mbele yake, uso kwa uso, na kadi zisizidi upana wa mabega yake.

Wakati nao una uzito. Dawa za kifafa huleta usingizi, basi jifunze saa ambayo mtoto huwa macho zaidi baada ya kumeza. Joto la saa nane mchana humlegeza yeyote. Asubuhi baada ya chai, au baada ya alasiri upepo ukianza, ndizo saa njema. Dakika 15 zinatosha kikao kimoja. Ukiona bado ana hamu, 20.

Ndiyo yake na hapana yake

Usimfundishe ishara mpya kama anayo yake. Muulize mama: "Akikataa hufanyaje? Akikubali?" Mara nyingi jibu lipo: anafumba macho, anatoa ulimi, anainua nyusi, anageuza uso, anatoa sauti ya "ehee". Chagua tendo ambalo hutoka kwa urahisi na halitoki ovyo. Kama kichwa chake hutikisika chenyewe siku nzima, kutikisa kichwa hakufai kuwa "hapana".

Kisha ipime. Mtu ambaye si wewe aandike maswali 10 ambayo majibu yake yanajulikana, matano ya ndiyo na matano ya hapana, yaliyochanganywa: "Huyu ni mamako?" "Hiki ni kijiko?" huku ameshika kikombe, "Tuko nje?" Yasiwemo ya kupenda au kutaka, maana hayo huna namna ya kuyasahihisha. Uliza kwa sauti ile ile na uso ule ule. Wengi huuliza la hapana wakiwa wamekunja uso bila kujua, na mtoto anasoma uso. Akipata 8 au zaidi katika siku mbili tofauti, itegemee ishara yake. Anayebahatisha tu hufikia 8 mara 5 hivi kati ya 100. Kurudia hivyo siku ya pili ni mara 3 kati ya 1000. Akipata 5, hajashindwa akili: ama ishara ni ngumu kwa mwili wake, ama maswali ni ya lugha asiyoizoea. Mtoto aliyelelewa kwa Kigiriama au Kidigo nyumbani, akaulizwa kwa Kiingereza cha darasani, atabahatisha.

Hata ishara hizo zikiwa imara, usiziegemee kwa kila kitu. Kila swali la ndiyo na hapana ni wazo lako, yeye anakubali au anakataa tu. Tena mtoto aliyefunzwa adabu hajui kumwambia mkubwa hapana. Wapo wanaojibu ndiyo kwa kila kitu kwa sababu ndiyo humfurahisha muulizaji na kikao huisha upesi. Ukimshuku, geuza: umeuliza "Wapenda shule?" akasema ndiyo, baada ya mambo mengine mawili uliza "Shule yakuchosha?" na "Wataka kubaki nyumbani?" Ndiyo tatu mfululizo zinakwambia hujapata jibu bado.

Kadi za lazima kabla ya kadi nyingine yoyote

Kadi nyingi tunazoziona majumbani na shuleni ni za kuomba: maji, choo, ugali, mpira. Mtoto mwenye kadi za kuomba tu hana njia ya kukataa. Hizi sita ziwepo siku zote, mahali pale pale mezani: *sitaki*, *acha*, *inauma*, *sijui*, *sijaelewa*, na *kitu kingine*. Ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu inakufunulia kosa lako. Akiigusa, maana yake hujamwekea anachotaka kusema. Ya saba, kwa watu wa Pwani, iwe ya salamu. Mtoto asiyeweza kusema shikamoo huhesabiwa hana adabu au hana akili tangu mlangoni, na akishahesabiwa hivyo hakuna anayemuuliza lolote.

*Acha* haifundishwi kwa maelezo. Fanya kitu kinachokera kidogo na kisicho na madhara: piga makofi karibu naye, imba vibaya, mpake mafuta mkononi. Mtu wa pili amwonyeshe kadi ya *acha* kwa kuigusa mwenyewe. Nyamaza papo hapo. Rudia mpaka mtoto aiguse au aitazame yeye, na kila mara unyamaze hapo hapo, bila "ngoja kidogo nimalize". Kadi ambayo haizuii kitu ataiacha baada ya siku moja tu, na hutamlaumu.

Kutengeneza

Picha za simu zinatosha, na kwa mtoto anayeanza ni bora kuliko michoro ya intaneti. Piga kitu kimoja juu ya kitambaa kisicho na mapambo: kikombe chake, kitanda chake, tuktuk anayopanda. Kadi iwe ya mraba, sentimita 7 au 8, na neno chini yake kwa herufi nene, katika lugha ya nyumbani. Neno hilo ni kwa ajili ya watu wazima, ili kila mmoja aiite kadi kwa jina moja.

Saiba nyingi zina mashine ya laminesheni. Hapa ndipo kadi nyingi za Mombasa huharibikia: watu hupitisha karatasi nzima kwenye plastiki, kisha hukata kati ya picha. Ukingo ukibaki wazi, unyevu wa bahari na mate huingia, karatasi huvimba, na baada ya wiki chache kadi imefunguka. Kata picha kwanza, zipange kwenye plastiki zikiachana, pitisha, ndipo ukate ukiacha plastiki tupu ya milimita 4 au 5 pande zote. Pembe uziviringe zisimchune. Nyuma bandika velkro, upande mgumu kwenye kadi zote; upande laini unakaa ubaoni. Ukichanganya, hazitashikana.

Mtoto anayetumia macho peke yake mtengenezee fremu. Chukua plastiki ngumu inayoonyesha, ukubwa wa A3, kutoka kwa mafundi wa mabango, au boksi kavu, ukate tundu la kutosha uso wako katikati. Bandika picha 4 pembeni, ishike kati yenu, sentimita 50 hivi kutoka kwake, utazame kupitia tundu. Mkubaliane kwamba anatazama picha, kisha anakutazama wewe machoni kuthibitisha. Bila uthibitisho huo utahesabu kila mtazamo wa kupita kuwa jibu. Mtoto mwenye usonji asiyependa kutazamana usimlazimishe hilo la mwisho. Kwake tumia kuchukua kadi na kukupa mkononi.

Mtoto asiyetambua picha, au asiyeona, apewe vitu. Kitu kiwe kile anachokigusa jambo lenyewe likifanyika. Kwa safari ya tuktuk, kipande cha reksini ya kiti. Kwa kuoga, kata ile ile ya kuchotea maji. Kwa pwani, si samaki wa plastiki, ni chupa iliyo na mchanga au taulo ya kuogelea. Tuktuk ya kuchezea, kwa vidole vya mtoto asiyeona, haifanani hata kidogo na tuktuk.

Kuuliza, kisha kungoja

Uliza kwa sentensi fupi, mara moja. Kisha hesabu kimya moyoni mpaka 10. Kwa baadhi ya watoto mpaka 20 au 30. Tazama meza au mikono yake, usimkodolee macho. Kosa kubwa ni kurudia swali katikati: yeye alikuwa tayari ameanza kupanga mwili wake ujibu, nawe umemrudisha mwanzo. Mwenye mwili unaojinyonga, kadiri anavyojitahidi ndivyo unavyokaza zaidi, kwa hiyo angalia mwanzo wa tendo: jicho lililoanza kwenda, bega lililoanza kusogea. Na usimpanguse mate wakati huo. Leso ikipita usoni ndipo jibu linapofutika. Ngoja amalize, umwombe ruhusa, ndipo umpanguse.

Swali liwe halina upande. "Waonaje kuhusu chakula cha shule?" linafaa. "Chakula cha shule kitamu, sivyo?" halifai. Baada ya jibu sema "Nimeona, umeweka hapa." Usiseme "Vizuri sana!" kwa jibu moja na ukanyamazia jingine, maana atajifunza kutafuta "vizuri" zako.

Wako watoto, hasa wenye usonji, wanaorudia neno la mwisho walilolisikia. "Wataka chai au maziwa?" "Maziwa." Uliza tena baadaye: "Maziwa au chai?" Akisema chai, alikuwa anarudia sauti. Mpe kadi mbili ashike badala ya maneno. Kwa kadi pia, badilisha nafasi: wapo wanaochukua ya kulia daima.

Kama hana mkono wala macho ya kutegemea, msomee machaguo kwa sauti: taja matatu kwanza ayajue, kisha rudia moja moja, ukingoje sekunde 5 kila moja, naye atoe ishara ya ndiyo unapofika lake. La nne liwe "hamna hata moja".

Mkeka wa maoni: mfano wa bweni

Kwa maswali makubwa, njia inayofaa kwa watoto wengi ni kupanga kadi chini ya alama tatu. Njia hii inajulikana kwa jina la Talking Mats, nayo ilianzia Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, katika miaka ya 1990. Mtoto aweze kuelewa agizo lenye maneno mawili yenye uzito, kama "weka kikombe kwenye kiti" huku kuna vitu vingine na mahali pengine pa kuweka. Unahitaji zulia dogo lenye manyoya linaloshika velkro, au ubao uliofunikwa kwa upande laini wa velkro. Juu kushoto weka alama ya *napenda*, juu katikati *sina hakika, wastani*, juu kulia *sipendi*. Chini katikati inakaa kadi ya mada.

Tuseme ni binti wa miaka 12, wa Likoni, anatumia kiti cha magurudumu. Nyumbani wanazungumzia kumpeleka shule ya bweni ng'ambo ya feri, maana kuvuka feri naye kila alfajiri kunamchosha mamake. Swali lililo midomoni mwa kila mtu ni "Wataka bweni?" Hilo usilianze.

Kwanza, binti hawezi kuwa na maoni juu ya mahali asipopajua. Apelekwe akapaone mchana mzima, na ikiwezekana alale usiku mmoja na mtu wake. Pigeni picha huko huko: kitanda, bafu, darasa, mezani pa kulia, mlezi wa bweni (kwa ruhusa yake).

Siku ya kikao anza na mada nyepesi, chakula, kadi 6. Weka mahamri, muhogo, na kimoja ambacho nyumbani wote wanajua anakichukia. Kikienda chini ya *sipendi*, alama amezielewa. Vyote vikienda chini ya *napenda*, simama hapo. Leo ni siku ya kufundisha alama, si ya kuuliza.

Kisha mada yenyewe, kadi 10 hadi 14, moja moja mkononi mwake au mbele ya macho yake: darasa, marafiki, kupanda feri, tuktuk ya asubuhi, chakula cha shule, kulala bwenini, kuoga, choo, mazoezi ya viungo, kuswali, kelele za usiku, kurudi nyumbani wikendi, simu kwa mama. Changanya nyepesi na nzito, usizifululize nzito. Kila moja: "Waonaje kuhusu hii?" Kadi mbili tatu ziache tupu na kalamu iwe karibu, kwa ajili ya *kitu kingine*.

Tuseme ameweka darasa, marafiki na hata kulala chini ya *napenda*, ameweka feri katikati, na kuoga na choo chini ya *sipendi*. Hapo fungua mada ndogo: kuoga. Kadi mpya: maji baridi, nani ananiogesha, wasichana wengine wakiwepo, mlango wazi, saa. Ikija kuonekana ni mlango na watu, basi binti anataka shule na anataka sitara. Angeulizwa "Wataka bweni?" angesema hapana kwa ajili ya bafu, na watu wazima wangeandika kwamba hataki kusoma.

Mwisho mpitishe kwenye mkeka mzima: "Umeweka hizi hapa, wapenda. Hizi hapa, hupendi. Kuna ya kuhamisha?" Akihamisha, ni haki yake, usimwambie "lakini mwanzo ulisema". Piga picha ya mkeka. Siku nyingine, kabla ya wiki mbili, rudia ukiwa umebadilisha upande: *sipendi* kushoto, *napenda* kulia. Kadi zikifuata alama, ni maoni. Zikifuata upande, ni mkono.

Mtoto asiyeelewa picha wala maneno

Huyu haulizwi, huangaliwa. Chora daftari safu nne: *kilichokuwa kikitokea*, *alichofanya*, *tunadhani maana yake*, *sisi tufanye nini*. Andikeni kwa wiki mbili, mama, dada wa kazi, mwalimu, kila mmoja kivyake bila kusoma ya mwenzake. Safu ya pili iandikwe ya kuonekana tu. "Alikasirika" haiandikwi hapo. Inaandikwa "alikaza miguu, akageuza uso ukutani, akalia kwa sauti nyembamba, dakika 3". Kitu kikitokea mara 5 au zaidi, siku tofauti, mbele ya watu tofauti, na tendo likawa lile lile, sasa mna neno lake moja.

Kabla ya kuliita hasira au kutotaka, ondoeni maumivu: meno, masikio, choo kigumu, tumbo linalorudisha chakula juu, nyonga iliyoteguka. Mtoto anayelia kila akivalishwa mara nyingi hulalamikia nyonga. Na mkiripoti kwa wengine, andikeni "tunadhani", kwa sababu ni nyinyi mliotafsiri.

Mama ni kamusi, asiwe mjibuji

Hakuna ajuaye ishara za mtoto kuliko mamake au nyanyake, na bila wao utapoteza miezi. Waulize maana ya kila tendo, andika. Kisha, wakati wa swali, waombe wakae nyuma ya mtoto wasionekane usoni, na wakitafsiri waseme kwanza walichoona: "Amefumba macho mara mbili," ndipo "kwake hiyo ni ndiyo". Ukiwa na swali linalomhusu mama mwenyewe, kama vile nani amwogeshe, afadhali awepo mtu mwingine anayezijua ishara.

Jambo moja tunalikataza bila kupunguza: kumshika mtoto mkono, kiwiko au bega huku "akiandika" au "akigusa" herufi. Majaribio ya muda mrefu yameonyesha kwamba maneno yanayotoka hivyo ni ya anayemshika, hata kama mwenyewe hajijui. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usemi wa Marekani, ASHA, kilitoa tamko la kupinga njia hiyo. Kumshikia kadi ni sawa, kumshikilia kiti ni sawa. Mkono unaochagua uwe wake peke yake.

Akionyesha jambo zito

Ikitokea kadi au ishara inaonyesha kwamba mtoto anaumizwa au anaguswa vibaya, acha kuuliza. Usimtandikie picha za watu ili achague mhusika. Kumwongoza mtoto kunaweza kuharibu ushahidi wake. Mwambie kwa utulivu "Nimekuona, nimekusikia, si kosa lako." Andika papo hapo ulichouliza, kadi zilizokuwepo zote, na alichofanya. Piga 116, simu ya watoto ya bure, saa 24, au nenda kwa afisa wa watoto. Akiwa ameumizwa, hospitali kwanza, kabla hajaogeshwa wala kubadilishwa nguo. Kesi ikifika mahakamani, Katiba ya 2010, kifungu cha 50(7), inamruhusu hakimu kukubali mtu wa kati wa kumsaidia mlalamikaji, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba "hawezi kusema, hakuna kesi". Kadi na ishara zake mpeleke nazo.

Baada ya jibu

Andika ukurasa mmoja: tarehe, saa, waliokuwepo, swali kwa maneno yake, machaguo yote aliyoonyeshwa, alichochagua, kwa njia gani, alichukua muda gani. Tafsiri yako iandike chini, mbali na hayo. Ukurasa huu, pamoja na picha ya mkeka, ndio unaoingia kwenye mpango wa mtoto wa elimu shuleni, kwenye kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti ndogo yenu, au kwa mtaalamu wa tiba kazi hospitalini.

Mwalimu mkuu au afisa akikwambia picha za velkro si maoni, mtajie kifungu cha 54 cha Katiba, kinachompa mwenye ulemavu haki ya kutumia Lugha ya Ishara, Breli au njia nyingine zinazomfaa za mawasiliano. Mtajie pia kifungu cha 7 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008: mtoto asikilizwe, na apewe msaada unaolingana na ulemavu na umri wake ili asikilizwe.

Mtoto naye arudishiwe jibu, ndani ya wiki moja, kwa kadi zile zile. "Ulisema hupendi mlango wazi. Tumeweka pazia." Lisilowezekana aambiwe haliwezekani na sababu yake, kwa maneno mafupi: "Ulisema hupendi feri. Njia nyingine hatuna sasa. Twaweza kuchagua: kukaa karibu na mama au karibu na upepo?" Watoto wanaoulizwa bila kuona badiliko hata moja huacha kujibu baada ya vikao vichache, na watu wazima huandika kwamba wameshuka uwezo.

Kadi zake zikae kwenye mfuko unaoning'inia kitini au begani mwake, si kabatini mwa mwalimu. Seti ya pili ibaki nyumbani, maana ya kwanza itapotea kwenye matatu.